"Myself" na "yourself" zinawekwa wapi? Nina usaili wa hoteli

mapokezi_moshi
Habari za jioni wanajamvi. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, na wageni wetu wengi ni wa kupanda mlima. Mwezi ujao nina usaili kwenye hoteli kubwa zaidi, na nimeambiwa watanipima hasa kwa kuongea Kiingereza. Kinachonisumbua ni hizi "myself", "yourself", "himself". Kwenye Kiswahili "ji" iko kila mahali: najiandaa, najisikia, najifunza, nimejiunga. Nikisikiliza wageni, mara wanaiweka, mara hawaiweki. Juzi mzee mmoja kashuka mlimani hoi, akaniambia "I just want to wash, shave and sleep." Hakuna "myself" hata moja. Muda mfupi baadaye binti yake akaja kuomba plasta: "I've cut myself." Sasa kwa nini kuoga hakuna na kujikata kuna? Hapa kazini kila mtu ana jibu lake. Naomba mwenye kuelewa anieleze kwa sentensi za kila siku.

kijana_wa_posta
Dada, mbona rahisi. Ukiona "ji" kwenye Kiswahili, weka "self" kwenye Kiingereza. Jipende, "love yourself". Jiamini, "believe in yourself". Jitambulishe, "introduce yourself". Usaili utapita vizuri tu.

mwl_mstaafu_tukuyu
Kijana wa hapo juu, mifano yako mitatu ni sahihi, ila kanuni uliyoitoa itamwangusha mwenzako. Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, na hilo la kuihamisha "ji" kama ilivyo nimelisahihisha kwenye madaftari kuliko kosa lolote lile. "I feel myself happy." "I joined myself to the club." "He resigned himself from his job." Maneno yote ni ya Kiingereza, lakini mwenye lugha hasemi hivyo.

Mwanangu wa Moshi, jibu umelileta wewe mwenyewe, liko kwa huyo mzee na binti yake. Jiulize: tendo hili mtu kwa kawaida humfanyia nani? Kuoga, kunyoa ndevu, kuvaa, mtu mzima hujifanyia mwenyewe, kwa hiyo Kiingereza hakihangaiki kulitaja. "I washed." "He shaved." "She got dressed." Kukata ni kinyume chake. Mtu hukata nyama, hukata kamba, hukata mkate. Ukisema "I've cut" ukanyamaza, msikilizaji anabaki anangoja: umekata nini? Ndiyo maana ilibidi yule binti aseme "myself". Vivyo hivyo "I burnt myself", "don't blame yourself", "let me introduce myself". Ungeweza kumuunguza mwingine, kumlaumu mwingine, kumtambulisha mwingine, basi lazima useme kwamba ni wewe.

Kundi linalowatesa watu wetu zaidi ni lile ambalo "ji" imeshaganda kwenye neno na hatuisikii tena. Kujifunza, kujiunga, kujiuzulu, kujitolea, kujiandikisha, kujifungua. Hapo usitafute "self" kabisa, Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila tendo: "learn", "join", "resign", "volunteer", "register", "give birth". "He resigned himself to it" ipo, lakini maana yake ni kwamba alikubali yaishe, hakuna kazi iliyoachwa hapo. Na kwenye kujifunza uwe makini. "I'm learning French" ni najifunza Kifaransa, hata kama uko darasani na mwalimu. "I taught myself French" maana yake hukuwa na mwalimu, umejifundisha. Kama kuna lugha uliyoiokota kwa wageni bila kufundishwa, sentensi hiyo ya pili iseme kwenye usaili. Ina uzito.

Kujisikia nako ni hivyo hivyo: "I feel fine", "I feel tired", basi.

Kwa kazi yako kuna matatu hutayakwepa: "help yourself", "enjoy yourself", "make yourself at home". "Help yourself", ukiwa unamwonyesha mgeni meza ya chai, ni karibu, jihudumie. Usiitafsiri kwa jisaidie, maana kwetu neno hilo linampeleka mtu chooni. Na wageni wakiwa wengi, badilisha: "Help yourselves." Kiingereza cha leo kinatumia "you" kwa mtu mmoja na kwa umati mzima, lakini kwenye "yourself" na "yourselves" wewe na ninyi bado zinatengana. Kundi zima la wapanda mlima limesimama mbele yako, halafu unasema "help yourself", unakuwa umemkaribisha mmoja. Aliyekuja kukupima atalisikia hilo mara moja.

mapokezi_moshi
Shikamoo mwalimu, na asante sana, hii ya "yourselves" nilikuwa siijui kabisa. Naomba niulize mengine mawili. Mgeni nilitaka kumbebea begi akasema "I'll carry it myself." Hajibebi yeye, anabeba begi, sasa "myself" inatafuta nini pale? Halafu mtu na mkewe walirudi kutoka kileleni wakaniambia "we looked after each other". Kwa nini si "ourselves"?

mhudumu_leicester
Dada, wakati unamsubiri mwalimu naongeza kitu kimoja. Mimi natunza wazee huku Uingereza. Ni kweli kwamba "wash" na "dress" kwa kawaida hazina "self", lakini kazini kwetu naziandika nazo kila zamu. "She can wash and dress herself." "He fed himself at lunch." Sababu ni ile ile ya mwalimu. Kwenye nyumba ya wazee kuna anayeoga mwenyewe na kuna anayeogeshwa, kwa hiyo anayepokea zamu anataka kujua ni yupi. Nikiandika tu "she washed", sijamwambia kama kuna mtu aliyemsaidia. Hata mtoto mdogo akianza kujivalisha nguo, mama wa huku atasema "he can dress himself now". Kwa huyo mzee wako wa mlimani hakukuwa na haja.

dereva_texas
Nyongeza ndogo. Ukipata mgeni kutoka kusini mwa Marekani unaweza kumsikia akisema "I'm gonna get me some coffee", pale ambapo shuleni tulifundishwa "get myself". Huku ni usemi wa kawaida wa mitaani. Uelewe, ila kwenye usaili usiutumie.

mwl_mstaafu_tukuyu
Marahaba mwanangu. Mhudumu wa Leicester, mfano wako nitauchukua. Na wewe dereva, hiyo "get me" ina mizizi mirefu. Kiingereza cha kale kilitumia viwakilishi vya kawaida kwa kujirejea, na "self" ilikuwa neno la kutilia mkazo.

Mkazo huo ndio uliousikia kwenye begi. "I'll carry it myself" ni nitabeba mwenyewe. Sisi tuna "ji" kwa kazi moja na "mwenyewe" kwa nyingine, wao wanatumia neno hilo hilo kwa zote mbili. Ukitaka kuzitofautisha, iondoe. "I'll carry it" inasimama bila shida, kwa hiyo ilikuwa mkazo. "I've cut" haisimami. Ukiona "by" mbele yake, ni peke yangu: "I travelled by myself."

Hao mtu na mkewe walitunzana, na "-ana" yetu ni "each other". Wangesema "we looked after ourselves", ungeelewa kwamba walijitunza wenyewe, hawakutegemea mtu mwingine.

Mawili ya mwisho, yanahusu mapokezi moja kwa moja. Mgeni anatoka asubuhi, mwambie "Take some water with you", usiseme "with yourself". Na usiandike "Please contact the manager or myself". Wengi wanaona "myself" hapo ina adabu zaidi, lakini inayotakiwa ni "me", kwa sababu anayewasiliana ni mgeni, hujirejei wewe.

Swali la kwanza karibu kila usaili ni "Tell me about yourself." Andika jibu lako hapa, sentensi tano sita, bila kuanza kwa Kiswahili. Tutalipitia kabla ya siku yenyewe.