Naomba ushauri: kaka ameokoka, lakini fedha za watu hajarudisha

Wapendwa, Bwana asifiwe. Niko Jinja. Kaka yangu alikula fedha za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kisha akaokoka. Ametubu kweli, hilo sina shaka nalo. Ila mama mmoja mjane, muuza ndizi pale sokoni, alimtoa mtoto shule kwa sababu akiba yake ilipotea humo, na kaka akipita anageuza uso. Kaka anasema damu ya Yesu imefuta yote, asidaiwe. Mimi nasoma 2 Samweli 12: Mfalme Daudi alisamehewa uzinzi na mauaji, lakini upanga haukuondoka nyumbani mwake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, naye aliahidi kurudisha mara nne! Nimwambieje alipe, asione kama nabeza msamaha wa Mungu? Tena kanisani wanataka kumpa uhazini. Ninyamaze?