Muvi 13 za Halloween: tuzitazame kwa mpango gani, na tuzipime vipi?

MwanaLimbani, Wete

Asalaam alaykum jamaa. Barazani kwetu tuko watu wazima sita. Tumekubaliana kila Alkhamisi baada ya Isha tutazame muvi moja ya kutisha, na tukimaliza mfululizo mmoja tushike mwengine. Tunaanza na Halloween. Ziko 13, na tatu katika hizo zina jina lile lile bila ya nambari. Masuala yangu ni mawili. Tufuate mpango gani? Na muendelezo tuupime vipi kwa haki? Maana hapa kila mtu husema "ya kwanza ndiyo nzuri", mazungumzo yanakufa pale pale. Tivi ni ya inchi 43, spika ni zake mwenyewe.

Shoka la Mkunazini

Waalaykum salaam yakhe. Usitazame nambari, tazama mwaka. Ya 1978 ndiyo asili, ya muongozaji John Carpenter. Ya 2007 ni ya muongozaji mwengine, Rob Zombie, ambaye aliianza hadithi upya. Ya 2018 ni muendelezo wa ile ya 1978 ingawa jina halioneshi. Na Halloween II nazo ni mbili, ya 1981 na ya 2009. Kabla ya kitu chengine chochote, andikeni mwaka mwanzo wa jina la kila faili, la sivyo mtaweka ya 2009 mkidhani ni ya 1981 na mtashangaa sura zote zimebadilika.

Hizi hazifuatani kama shanga. Ni mikondo minne ya hadithi. Wa kwanza ni 1978, 1981, kisha ya nne ya 1988, ya tano ya 1989 na ya sita ya 1995. Wa pili unatoka 1981 na kurukia H20 ya 1998 na Resurrection ya 2002. Yaliyotokea kuanzia ya nne mpaka ya sita humo hayapo. Wa tatu ni 1978, 2018, Kills ya 2021 na Ends ya 2022, na huu umefuta kila kilichokuja baada ya ya kwanza. Wa nne ni zile mbili za Rob Zombie. Ya tatu ya 1982 iko peke yake, muuaji Michael Myers hayumo katika hadithi yake.

Kosa linalowapata wengi ni kutoka 1981 kwenda 2018. Ya 1981 inaendelea usiku ule ule, na ndani yake mnaambiwa kuwa Laurie, yule msichana anayewindwa tangu ya kwanza, ni ndugu yake Michael. Ya 2018 imelikataa jambo hilo. Mkizichanganya, Alkhamisi nzima itakwenda kwa ubishi wa nani ndugu wa nani. Kwa watu wanaoanza, mkondo wa tatu ndio bora: muvi nne, wiki nne, mmemaliza. Baadaye mrudi kwenye 1981 na H20 mkaone hadithi ile ile ikichukua njia nyengine.

Bi Mwanakombo wa Vuga

Kaka Limbani, hilo la "ya kwanza ndiyo nzuri" halifai kwa sababu halisemi nini kimeharibika. Kila muvi ya kutisha ina sharti lake: kitisho kinampata nani, wakati gani, na nini kinakizuia. Shetani Popobawa wa 1995 huko kwenu Pemba aliogopwa hivyo kwa kuwa sharti lilijulikana, huwajia waliolala ndani. Ndiyo maana watu walitoka na kulala nje kwa pamoja, wamezunguka moto. Freddy, muuaji wa A Nightmare on Elm Street ya 1984, ana sharti la namna hiyo hiyo. Anakupata ukilala tu, na hakuna binaadamu asiyelala. Khofu inaanza kabla hata hajaonekana.

Sasa chukueni ya pili, ya 1985. Freddy anatoka kwenye ndoto, anawashambulia vijana walio macho kwenye hafla kando ya bwawa la kuogelea. Sharti limevunjwa na halikuwekwa jengine mahali pake. Ikiwa ukilala unakufa na ukikesha unakufa, kukesha kuna maana gani? Ya tatu ya 1987, ambayo Wes Craven, aliyeiandika na kuiongoza ya kwanza, alirudi kushiriki kuiandika, ililirejesha sharti na kulizalisha: vijana wanaweza kuingia pamoja katika ndoto moja wakapigana naye humo. Huo ndio muendelezo ninaoupenda.

Na Halloween muipime hivyo hivyo. Mwaka 1978 Michael hana sababu, kwa hiyo anaweza kumjia yeyote. Mwaka 1981 amepewa sababu: anamtafuta ndugu yake. Hapo jirani anapumua, na kitisho kimepungua ukubwa ingawa damu imeongezeka.

Baada ya muvi ya kwanza, andikeni sharti kwa sentensi moja, wote sita mkubaliane, na karatasi hiyo iwe ndiyo mizani ya zinazofuata. Alama ninazotoa ni 20: 8 za sharti, 6 za watu (ungesikitika akifa?), 4 za namna ya kutisha, 2 za mwisho. Mwisho naupa kidogo kwa makusudi, kwani karibu zote huacha mlango wazi kwa ajili ya biashara ya muvi inayofuata.

Kwenye zile alama 4, tenganisheni kushtua na kutisha. Paka akiruka kabatini na muziki ukapiga kishindo, umeshtuka, na mara hakuna kilichobaki. Mmoja wenu akae na kalamu, apige mstari kila mshtuko usiokuwa na hatari nyuma yake: paka, mkono wa rafiki begani, simu inayolia ghafla. Mistari ikizidi mitano, nakata alama mbili.

Fundi wa Mkoani

Rekebisheni tivi kwanza, la sivyo mtaihukumu tivi badala ya muvi. Halloween ya 1978 imepigwa kwa upana, karibu 2.35 kwa 1, na Michael mara nyingi husimama ukingoni mwa picha. Tivi ni 16 kwa 9, kwa hiyo lazima pawe na ukanda mweusi juu na chini. Watu hukerwa na ukanda ule, wakabonyeza rimoti kukuza picha mpaka ujae. Hapo umepoteza karibu robo ya upana, na aliyekatwa ni muuaji mwenyewe. Uacheni ukanda ulivyo.

Zimeni mpangilio unaolainisha mwendo. Muvi ni picha 24 kwa sekunde. Tivi ikijazia za kwake katikati, kila kitu kinateleza kama tamthilia. Zimeni pia ule wa kuokoa umeme, maana hufifisha kioo chumba kikiwa kiza.

Mwangaza upimeni kwa tukio moja lililo karibu na mwisho. Laurie amesimama kando ya mlango wa chumba chenye kiza, amechoka, anadhani amesalimika. Nyuma yake uso mweupe wa kinyago unajitokeza kidogo kidogo, bila ya mlango kusogea wala mtu kupiga hatua. Ni mwanga tu unaoongezwa polepole. Mwangaza wa tivi ukiwa chini, hamuoni kitu mpaka ashambulie, na tukio limegeuka mshtuko wa kawaida. Ukiwa juu, kiza cha mlangoni kinakuwa kijivu na mnamuona tangu mwanzo. Rekebisha mpaka mlango uwe mweusi kabisa, kisha uso uje wenyewe. Mwenye rimoti alifanye hilo peke yake kabla ya Alkhamisi, asiwaharibie wenzake.

Sauti: faili likiwa na sauti ya njia sita, kwenye spika mbili maneno huzama na vishindo hupanda, kila mara mtu yuko na rimoti. Chagueni stereo. Ule muziki wa piano una mapigo matano badala ya manne, ndiyo maana sikio halitulii, na kwa sauti mbaya hamtaupata. Muvi ni dakika 91; mkianza saa 3 usiku, saa 4 na nusu mko kwenye karatasi ya Bi Mwanakombo.

MwanaLimbani, Wete

Ahsanteni sana, nimeshaandika miaka kwenye mafaili yote. Baada ya hizi, mmoja wetu anataka The Conjuring na ndugu zake, tena tuzipange kwa miaka ya hadithi, tuanze na The Nun kwa kuwa ni ya 1952. Mwengine anataka Saw, mwengine Friday the 13th.

Shoka la Mkunazini

Mkatalieni huyo wa 1952. The Nun ilitoka 2018, na mwisho wake umeunganishwa na The Conjuring ya 2013. Asiyeitazama ile hataona maana. Fuateni mwaka wa kutoka. Ila Annabelle ya 2014, ya ukoo huo huo, ikiwachosha msikate tamaa, Annabelle: Creation ya 2017 inarudi nyuma katika hadithi na ni bora kuliko ile ya kwanza.

Saw haina ruhusa ya kuruka. Saba za mwanzo zilitoka kila Oktoba kuanzia 2004 hadi 2010 na zimeshonana: ya nne inatokea wakati mmoja na ya tatu, na mnalijua hilo mwishoni. Saw X ya 2023 hadithi yake iko kati ya ya kwanza na ya pili, lakini msiitazame pale, ina mtu ambaye hamjamjua bado.

Bi Mwanakombo wa Vuga

Friday the 13th ina somo zuri la sharti. Muuaji anayejulikana wa mfululizo huu ni Jason, lakini ya 1980 muuaji ni mama yake, si yeye. Ya 1985 anayeua ni mtu mwengine aliyejifanya yeye, na wengi walihisi wamedanganywa. Ya sita, ya 1986, radi inapiga maiti ya Jason kaburini anafufuka. Tangu hapo si mtu tena, kwa hiyo andikeni karatasi mpya kuanzia ya sita.

Fundi wa Mkoani

Na ya tatu ya 1982, ambamo Jason anavaa kile kinyago cha hoki kwa mara ya kwanza, ilipigwa kwa 3D, itazamwe kwa miwani maalumu inayofanya vitu vionekane vinakujia. Mtaona vitu vinasukumwa kwenye kamera bila ya sababu, uma wa nyasi, hata jicho. Kwenye tivi ya kawaida yanaonekana ya ajabu, lakini msiikate alama kwa hilo.