Acheni kumsema aliyetapeliwa eti "mbona hakuambiwa uongo"!

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Mtu akileta kilio cha kutapeliwa, wa kwanza kujibu ni walewale: "Kwani alikudanganya wapi? Masharti yaliandikwa, wewe ndiye hukusoma." Inakera sana! Tangu lini utapeli ukahitaji neno la uongo?

Chukueni Volkswagen. Mwaka 2015 ilibainika kwamba magari yake ya dizeli, kama milioni 11 duniani kote, yaliwekewa programu ya kutambua kuwa gari liko kwenye vipimo. Likipimwa, moshi unakuwa ndani ya kiwango. Likirudi barabarani, udhibiti unalegezwa na linamwaga oksidi za nitrojeni, yaani gesi zenye sumu, mengine hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa Marekani. Sasa niambieni, mashine ya maabara ilisoma uongo? Ilisoma sawasawa! Ila mnunuzi aliaminishwa kitu ambacho hakipo, na waliopanga walijua fika kwamba ataamini hivyo. Huko ndiko kudanganywa. Au mlitaka akague programu ya injini kwanza ndipo alipe?

Na zile sigara zilizotangazwa kuwa nyepesi! Kichungi kilitobolewa vitundu vidogo, mashine ya kupimia ikavuta hewa nyingi na lami (ule uchafu mzito wa moshi) kidogo. Mvutaji yeye anaviziba kwa vidole na midomo bila kujua, kisha anavuta kwa nguvu zaidi ili apate nikotini yake. Vipimo safi, mapafu yanaangamia.

Mtu akinipa taarifa mbovu kwa sababu naye hajui, hilo ni kosa, tutaelewana. Anayenichefua ni yule anayejua, anachagua ukweli upi auseme na upi aufukie, halafu ukimbana anasema "sikusema uongo hata neno moja." Na nyie mnampigia makofi!

Kumwamini mtu si ujinga. Hakuna anayeweza kupima kila dawa anayomeza au kukagua kila mkataba kama wakili, hata nyie wajuaji.

Mkimzomea huyu aliyetapeliwa, wengine waliolizwa na tapeli huyohuyo wananyamaza kwa aibu, naye anahamia kwa mwingine akiwa na jina safi. Maswali yenu yapelekeni kwa muuzaji: alijua nini siku anauza, na kwa nini alikificha?