Naombeni ushauri: mteja wangu hasemi kitu, nifunge faili?

MwanaUstawi
Habari zenu wakuu. Ni afisa ustawi wa jamii, mwaka wa pili kazini. Nina mteja, mama wa makamo, inasemekana anapigwa nyumbani. Nimemtembelea mara tatu na jibu ni lile lile: "Hakuna tatizo, tunaishi vizuri." Nimekaa nikimwelekea, nimemtazama usoni, nimeuliza maswali ya wazi kama tulivyofundishwa. Wapi! Mkuu wangu wa kazi anataka uamuzi wiki hii. Silali.

KisikiKikavu
Achana na mdomo wake mkuu, soma mwili. Asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na ishara, maneno ni 7 tu.

MamaWawili
Mimi nimewahi kuwa huyo mteja. Afisa aliyekuja kwangu alikuwa akiandika muda wote. Nikamwambia nimefiwa na mtoto, kalamu haikusimama. Tangu siku hiyo nikawa namjibu ndiyo na hapana, basi. Kalamu yako huwa inafanya nini mama akiongea?

MzeeWaFaragha
Kisiki, hiyo 93 watu wanaitumia vibaya. Ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian, 1967, ya neno mojamoja, sauti na picha za uso. Yalipima kama mtu anaonekana kupenda au kuchukia pale vitu hivyo vinapopingana. Hayakuhusu mazungumzo yote ya binadamu. Usimwambie kijana apuuze maneno ya mteja.
MwanaUstawi, akijibu anatazama wapi? Na chumbani mnakuwa na nani?

MwanaUstawi
Kalamu naiweka chini. Yeye anasokota pindo la gauni, analisokota mpaka vidole vinabadilika rangi. Kabla ya kujibu anatazama chini, kwenye viatu vya mumewe.

MamaWawili
Viatu vya mumewe? Kwani anakuwepo?

MwanaUstawi
Mara zote tatu, ndiyo. Lakini ni mtu mstaarabu jamani, ananikaribisha vizuri, mkewe akikwama anamsaidia kujieleza. Ningemtoaje kwenye nyumba yake? Ingeonekana nimeshamhukumu. Na faili nimeshaliandika "mteja hatoi ushirikiano", nimemkabidhi mkuu. Nilitaka tu kujua kama nilikosea ukaaji.

TwigaMpole
Mambo ya ndoa yaacheni ndani ya ndoa. Vijana mnaingilia mno.

MpekuziMakini
Uzi huu wa kutunga. Juu anasubiriwa atoe uamuzi, hapa chini ameshakabidhi faili. Na hakuna afisa aliyesomea kazi hii anayemhoji mke mbele ya mume anayetuhumiwa. Huyu ni mwanafunzi, anatafuta majibu ya zoezi.

MzeeWaFaragha
Wapo, Mpekuzi. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaona aibu kumwomba mwanaume atupishe. Najibu kwa sababu hiyo.
Usimtumie ujumbe, huenda simu yake inasomwa na mwingine. Mwite ofisini kwa jambo la kawaida, aje peke yake. Kiti chake kiwe karibu na mlango, chako kiwe upande, meza isiwe katikati. Anza na swali la ndiyo au hapana: "Hapa unajiona salama kuongea?" Mweleze mapema ni mambo gani huwezi kuyafanya siri. Ukishauliza, nyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Akikwepa macho yako usimlazimishe, si kila mtu anasikilizwa kwa kukodolewa. Na usithubutu kusema "kwa nini huondoki?" Atasikia lawama.

MwanaUstawi
Sijatunga. Faili liko mezani kwa mkuu, hajasaini, ndiyo maana nikasema wiki hii. Nilishaamua, nilitaka mniambie niko sawa.
Kuna kitu sikukiandika mle. Ziara ya mwisho yule mama alinisindikiza hadi mlangoni. Akanipa mkono, akachelewa kuuachia. Nikamwambia kila la heri, nikaondoka.
Asubuhi nawahi kabla mkuu hajafika. Naliomba hilo faili lirudi.