Pikapu inavuma mbele kama nyuki, Jumamosi nina safari ya Lamu. Naombeni ushauri

Kijana wa Barani
Wadau, asalaam aleikum. Niko Malindi, nina Hilux ya zamani ya dizeli, ile ambayo habu za mbele, vile vitovu vya magurudumu, unazigeuza kwa mkono. Wiki ya tatu sasa inavuma upande wa mbele. Mjini husikii kitu. Ikifika 40 inaanza, mmmm, kama nyuki mzingani, na ikifika 70 hata abiria anauliza kuna nini. Fundi wangu ameiendesha mpaka daraja la Sabaki na kurudi, akasema difu ya mbele, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imekufa. Jumamosi lazima niende Lamu kumchukua mama na mizigo yake, zaidi ya kilomita 200. Swali langu ni moja: nichukue difu ya mtumba kutoka Mombasa au nitafute mpya? Tafadhali, usiku silali.

Dereva wa Chumvi
Ndugu, angalia tairi kabla ya kitu chochote. Mimi nabeba chumvi Gongoni mwaka wa tisa. Kuna wakati yangu ilivuma hivyo hivyo, nikafungua gia boksi bure, pesa ikaenda, kumbe tairi za mbele zimelika kama ngazi. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Ukisikia msumeno, hamisha za mbele nyuma. Mvumo ukihamia nyuma, umepata jibu. Na lami ikibadilika, mlio wa tairi hubadilika. Barabara ya kwetu ile ina viraka vya kutosha, utajua mara moja.

Mama Zai
Mwanangu, mama amekubeba miezi tisa, wewe wataka kumpandisha gari linalolia? Njia ya Garsen hiyo na jua lile, likizima mtakaa wapi? Mkatie tikiti ya basi. Mizigo itafuata.

Kijana wa Barani
Shukrani mama. Ila ana kitanda cha kamba na masanduku mawili ya mvule ya bibi, hawezi kuviacha kwa watu. Dereva, tairi zina miezi minne tu, nimezipapasa, ziko sawa. Turudi kwenye difu jamani.

Grisi Nyeusi
Usinunue difu. Nijibu matatu kwanza. Ukiwa 70, uachie mafuta na utie gia huru, mvumo unabaki au unakwisha? Ukikata kona ya kushoto unapanda au unashuka? Na habu zako ziko FREE, zimeachia, au LOCK, zimeshikana na shafti?

Kijana wa Barani
Gia huru unabaki vile vile. Kushoto unapanda, kulia unakaribia kukatika. Habu ziko FREE siku zote, mimi si mtu wa porini.

Grisi Nyeusi
Basi difu haina kosa. Habu zikiwa FREE gurudumu linazunguka peke yake, shafti za mbele na difu zimelala. Kitu kilicholala hakiwezi kuvuma. Na gia huru imeshakwambia si injini. Ukikata kushoto, uzito wa gari unalalia kulia. Kwa hiyo mshukiwa ni beringi ya gurudumu la mbele kulia.

Kijana wa Barani
Nakuheshimu kaka, lakini fundi huyu ndiye alikuwa akitengeneza gari la marehemu baba. Ana miaka zaidi ya 20 katika kazi, na gari ameliendesha, wewe hujalisikia. Halafu nimeshampa 18,000 za kuanzia. Siwezi kumwendea na habari za mtandaoni.

Tanga Raha
Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Difu ilikufa siku 18,000 ilipoingia mfukoni 😂

Dereva wa Chumvi
Usicheke, kuna mafundi waaminifu wanaokosea. Wangu wa gia boksi hakuwa mwizi, alisikia vibaya tu. Sauti hupita kwenye chasi, ukiwa kitini waweza kuapa inatoka mahali sipo. Lakini pesa yangu haikurudi.

Grisi Nyeusi
Kijana, kuna jambo hujasema. Beringi nzima haianzi tu kuvuma mara moja. Wiki tatu zilizopita gari hili lilipita wapi? Lilizama kwenye maji?

Mama Zai
Sema mwanangu, hapa hakuna wa kukupiga.

Kijana wa Barani
Sawa. Nilikuwa nakwepa kwa sababu pikapu si yangu peke yangu, tumeachiwa na baba mimi na kaka, na kaka yuko humu anasoma. Mwezi uliopita rafiki aliniomba nimvutie boti ya fiba itoke majini, ipakwe rangi. Siku ya bamvua. Maji yalikuwa yamepwa mbali sana, nikarudi kinyumenyume na trela kwenye mchanga. Hapo ndipo nilipotia habu LOCK, mara moja hiyo tu. Trela ikazama, maji yakaanza kujaa, na bamvua mnaijua haikusubiri. Tulikaa kama saa nzima. Maji yalifika katikati ya magurudumu ya mbele. Vijana wa ufuoni wakasukuma mpaka tukatoka. Nyumbani niliosha gari zima kwa maji matamu, hata chini. Ndiyo maana sikuona haja ya kutaja.

Mzee wa Kisauni
Hii ni chai. Kwanza "si mtu wa porini", sasa yuko baharini na boti. Na gari linakwenda Lamu kumchukua mama! Lamu ni punda na vichochoro, pikapu itapita wapi? Mnatungiwa hadithi na mnajibu kwa moyo mmoja.

Tanga Raha
Heee, kweli. Mleta uzi, weka picha.

Bint Amu
Mzee, mimi ni wa Amu, Lamu yenyewe. Anayekuja na gari huliacha Mokowe, bara, na mizigo huvuka kwa boti mpaka jeti. Sisi sote tukisema "naenda Lamu" ndiyo maana yake. Kitanda cha kamba kimevushwa hivyo tangu zamani. Mwacheni mtoto wa watu atengeneze gari.

Kijana wa Barani
Sina cha kutunga, wallahi. Bint Amu umenisitiri. Ni Mokowe.

Mzee wa Kisauni
Ya Mokowe nimekubali. Picha bado.

Grisi Nyeusi
Chai au si chai, maji ya chumvi ni kweli. Habu ikiwa moto halafu ikazama, hewa ya ndani inasinyaa, na inafyonza maji kupitia sili. Kuosha nje hakutoi kilichoingia ndani. Fanya hivi. Kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, piga jeki mbele kulia. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki angalia viungo vya usukani na sasipensheni. Lisipocheza, lizungushe kwa mkono na kiganja kingine kiwe kwenye chuma cha nyuma yake, uone kama kinakwaruza. Halafu fungua habu utazame grisi. Ukikuta mbaya, badilisha beringi zote mbili, ya ndani na ya nje, pamoja na pete zake za nje na sili. Nati ya beringi ikaze huku unazungusha gurudumu, ilegeze, kisha ikaze kidogo tu. Ukibana sana itaungua kabla ya Garsen. Kushoto nako ufungue, na mafuta ya difu ya nyuma yaangaliwe, nayo ilizama.

Kijana wa Barani
Alhamisi jioni. Nimemwomba fundi mwenyewe afungue, nikashika tochi. Kofia ya habu ilipotoka, grisi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, laini kama uji, na chembe za mchanga ndani yake. Fundi alichukua kidogo kidoleni, akakisugua kwa kidole gumba, akanyamaza. Rola za beringi ya ndani zina vidoa vya kutu na pete yake imechimbika. Picha nitaweka nikipata bando. Kushoto grisi ndiyo kwanza inaanza kubadilika rangi. Tumefunga beringi mpya pande zote mbili. Nimeenda mpaka Mambrui kwa 80, kimya, nikasikia upepo tu dirishani. Fundi amesema 18,000 zihesabiwe kwenye beringi na kazi, salio anirudishie.

Mama Zai
Alhamdulillahi. Mfikishie mama salamu zangu, na mwekee mto kwenye kiti.

Grisi Nyeusi
Difu ya nyuma umefungua?

Kijana wa Barani
Bado. Kesho alfajiri, kabla ya kupakia.