Mnapiga marufuku dagaa shuleni, mnawaacha wanaocheka

Wakuu, salaam.

Kuna tabia imeshika kasi kwenye shule za kulipia hapa Dar. Mtoto akifungua hotipoti yenye dagaa au samaki, wenzake wanaziba pua. "Feri imefunguliwa!" (yaani soko la samaki). "Nani kaleta shombo?" Mwalimu wa zamu anasikia, ananyamaza, au anacheka nao. Siku chache baadaye wazazi wanatumiwa ujumbe kwenye kundi la darasa la WhatsApp: kuanzia Jumatatu ni marufuku kuleta chakula chenye harufu kali. Waliocheka hawaguswi. Aliyechekwa ndiye anayebadilishiwa chakula.

Inaudhi sana. Dagaa ndio wanaovuliwa kwa wingi kuliko samaki wengine wote Ziwa Victoria, na Kigoma wanajulikana kwa dagaa wao nchi nzima. Wakishakaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa wanaliwa wazima na mifupa yao, mtoto anapata kalsiamu humo humo, pamoja na madini ya chuma na zinki. Halafu mzazi anaambiwa alete nini badala yake? Soseji, yenye mafuta na chumvi nyingi. Hicho ndicho chakula cha heshima?

Mtoto anayechekwa mara nyingi hasemi nyumbani, kwa hiyo msisubiri aseme. Mwangalieni anavyokula. Anafungua mfuniko upande mmoja tu, nusu, kiganja kimefunika juu, anapenyeza kijiko kwa pembeni na kumeza haraka haraka huku macho yanazunguka darasani. Mwingine hafungui kabisa, hotipoti inarudi imejaa. Kuna anayemwaga chakula chooni, hotipoti inarudi safi kupita kiasi, halafu akifika nyumbani saa 10 anavamia sufuria. Mtoto wa miaka saba akianza ghafla kuomba mkate mkavu kila siku, ulizeni nini kinaendelea darasani kabla ya kusema anadeka.

Sasa hiyo harufu yenyewe. Shombo linatokana na amini, kemikali zinazotoka samaki anapoanza kuharibika, na pia mafuta ya samaki yanapokaa kwenye hewa muda mrefu. Kwa hiyo kazi inaanzia sokoni. Dagaa wazuri wanang'aa rangi ya fedha, ukimkunja mmoja anakatika. Wakiwa na unjano au ukahawia tumboni, mafuta yameshaharibika na hakuna ndimu itakayowaokoa. Walioanikwa juu ya chanja ni bora kuliko wa mchangani, na wakati wa masika uwe makini zaidi, maana walionyeshewa kabla hawajakauka wanabeba harufu hata ukiwakaanga vipi.

Kwa robo kilo: toa vichwa na matumbo, hapo ndipo uchungu na sehemu kubwa ya harufu vilipo. Loweka kwenye maji ya moto dakika tano, mwaga, kisha osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu au mpaka mchanga uishe chini ya bakuli. Kamulia ndimu mbili, acha dakika kumi, suuza. Tindikali ya ndimu inazishika zile amini zisiruke hewani. Ndiyo maana bibi zetu hawakuacha ndimu jikoni. Chuja na uwaache wakauke kabisa. Wengi wanaharibu hapa: dagaa wakiingia kwenye mafuta wakiwa na maji wanachemka badala ya kukaangika, na shombo linabaki ndani. Kaanga mpaka ukiwageuza wanalia kama majani makavu. Ndipo uweke kitunguu, tangawizi, nyanya mbili na hoho, na upike mpaka maji ya nyanya yakauke yote. Mchuzi usiende shuleni. Ukivuja, unaingia kwenye begi na madaftari, na hiyo harufu ndiyo inayomfuata mtoto mpaka Ijumaa.

Chombo nacho. Plastiki inanyonya mafuta na harufu, chuma cha pua hakinyonyi. Lakini hata chombo cha chuma kina ule mpira wa kwenye mfuniko, na watu wengi hawajawahi kuutoa tangu wanunue. Utoeni kila siku kwa ncha ya kijiko, uosheni peke yake, na hotipoti ilale wazi. Ukifunga chombo chenye unyevu usiku kucha, asubuhi unapakia chakula kipya juu ya harufu ya jana. Na mfuko wa kubebea ufuliwe kila wiki.

Kuna harufu nyingine ambayo sitaitetea. Wali wa nazi ukipakiwa saa 11 alfajiri ukiwa vuguvugu, ukafunguliwa saa 7 mchana, umekaa saa nane kwenye joto la Dar. Huo umechacha, na mtoto asiule. Joto la hatari kwa chakula ni kati ya nyuzi 5 na 60, na vuguvugu la ndani ya hotipoti ya kawaida liko hapo hapo katikati. Tumieni chombo cha chuma chenye kuta mbili, kijazwe maji yanayochemka dakika kumi, yamwagwe, kisha chakula kiingie kikiwa kinafuka moshi. Kama chombo hicho hakipo, pelekeni vikavu: dagaa wa kukaanga bila nyanya, chapati, karanga, ndizi mbivu. Mayai yachemke dakika kumi tu na yaingie maji baridi mara moja. Yakizidi, kiini kinazungukwa na duara la kijani na ile harufu ya salfa inajaa chomboni. Kabichi nayo ni vivyo hivyo, kadiri inavyoiva kupita kiasi ndivyo inavyonuka.

Hayo ni ya mzazi. Shule nazo zina yao, na hayahitaji fedha.

Hotipoti arobaini zikirundikwa kwenye kona inayopigwa na jua tangu asubuhi, kisha zikafunguliwa pamoja kwenye chumba ambacho madirisha yamefungwa, patanuka hata kama zote zina maharage. Ziwekwe kivulini kwenye rafu. Watoto wapelekwe kula nje chini ya mti au kibarazani, au angalau madirisha yafunguliwe pande zote mbili. Mwalimu wa zamu akae nao na ale nao. Mwalimu akila dagaa mbele ya darasa bila kukunja uso, nusu ya maneno inaisha hapo hapo.

Anayecheka aitwe pembeni siku ileile, aambiwe alichofanya kwa maneno ya wazi. Akirudia, mzazi wake aitwe. Msimsimamishe aliyechekwa mbele ya darasa na kusema "msimcheke mwenzenu", maana mnamchoma mara ya pili. Na mzazi ambaye mtoto wake ndiye mchekaji asituambie "ni utoto tu". Neno "shombo" kama tusi mtoto kalisikia kwa mtu mzima, mezani au kwenye gari, akiwasema wengine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna ya kumdhalilisha. Mwalimu anayeziba pua mbele ya mtoto wa darasa la pili anafanya nini?

Kwa waliopokea ujumbe wa marufuku: msijibu kwenye kundi kwa hasira, ujumbe huo utafutwa na mtaitwa wakorofi. Uchapisheni, nendeni nao kwenye kikao cha wazazi, muulize mambo mawili. Uamuzi huo ulipitishwa na nani na lini? Na waliocheka wamechukuliwa hatua gani? Msikae chini mpaka majibu yameandikwa kwenye muhtasari wa kikao.