Kuta nyeupe tupu sebuleni na mfuko umetoboka, nianzie wapi?

tumaini_k
Habari za saa hizi wakuu. Nimehamia nyumba ya kupanga, sebule ni kubwa kiasi ila kuta zote nyeupe pee, hamna hata kalenda, mtu akiingia anaweza kudhani ndo tunahama leo. Huko mitandaoni naona watu wanabandika wolpepa ukuta mzima, wengine wametundika mapicha makubwa yale ya maana, mi huko siwezi kufika saivi, hela niliyonayo ni ya kuokoteza. Halafu mwenye nyumba kasema misumari mingi hataki, "miwili mitatu sawa". Ukuta unaonikera zaidi ni ule mrefu nyuma ya kochi, wa pembeni una dirisha na mwingine ndo kuna swichi na soketi za tivii. Nipeni mawazo ya vitu vya bei chee ambavyo havitaonekana vya bei chee. Na tafadhali mtu asije akaniambia "weka maua" halafu akapotea 😂

kinyonga99
Weka maua

mzee_wa_msasa
Dada usimsikilize huyo. Kabla hujanunua chochote pitisha kiganja ukutani halafu kiangalie. Kikitoka na unga mweupe ujue hiyo ni chokaa au rangi hafifu iliyochoka, hapo hamna tepu wala kulabu ya kubandika itakayoshika, itashika ule unga na unga utabanduka nayo usiku. Kikitoka kisafi, una uhuru mkubwa.

Pili angalia chini karibu na sakafu na kwenye kona, kama rangi imevimba au kuna chumvi chumvi nyeupe imejitokeza basi ukuta una unyevu. Kata kipande cha nailoni, kibandike kwa tepu pande zote nne kisipitishe hewa, kiache siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa nyuma, yaani kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, we usiifunike na kitambaa maana utakuwa unafuga ukungu. Yakiwa upande wa mbele basi ni hewa tu ya ndani, fungua madirisha.

neemapambo
Fundi kasema vizuri. Mi nije kwenye urembo wenyewe.

Shida kubwa ya wenye bajeti ndogo (nimeona kwenye nyumba nyingi sana) ni kununua vitu vidogo vidogo, leo kafremu, kesho kasaa, keshokutwa kastika ka kipepeo, vyote vinatawanywa ukutani kila kimoja kivyake na ukijumlisha hela imeenda na ukuta bado uko tupu. Chagua ukuta MMOJA, huo wa nyuma ya kochi, weka kitu kimoja kikubwa, zingine ziache kwanza. Kitu au kundi la vitu likichukua kama theluthi mbili za urefu wa kochi linakaa sawa, kwa hiyo kochi la sentimita 210 we lenga kama 140 hivi. Ikipungua sana kochi linaonekana limeumeza ukuta.

Na kitu kikubwa cha bei rahisi kuliko vyote ni kitambaa. Tafuta chenye mchoro mkubwa, vile vya maua madogo madogo ukiwa mbali vinageuka vurugu tu. Mwambie seremala akukatie vipande vinne vya mbao nyembamba, hata mabaki, apige fremu ya mstatili. Kitambaa kipige pasi kwanza, kilaze kifudifudi sakafuni, fremu juu yake, kunja kingo uzibane kwa stepla ya mbao au vimisumari vifupi. Siri iko hapa, usianze na kona, anza katikati ya upande mmoja, nenda katikati ya upande wa pili uvute, kisha zile pande mbili zilizobaki, ndo uanze kusogea kuelekea kwenye kona kidogo kidogo huku unabadilisha pande. Ukianzia konani kitakunjamana na mistari itapinda na hutajua imepindia wapi. Fremu ya hivyo ni nyepesi, misumari miwili inatosha, tena miwili ni bora kuliko mmoja kwa sababu haichezi ikaenda upande.

Kimo sasa. Watu wengi wanatundika juu mno, utadhani picha inakimbia watoto. Ukuta wa wazi weka katikati ya picha kwenye sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, hapo ni usawa wa macho. Juu ya kochi achana na hicho kipimo, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 25 kati ya mgongo wa kochi na chini ya fremu basi.

tumaini_k
Asanteni sanaaa. Fundi nimepitisha kiganja, ukuta wa kochi umetoa unga kidogo 😩 ule wa dirisha uko safi. Unyevu sijaona dalili. Dada Neema hilo la kitambaa nimelipenda ila je picha? Nilitamani picha za kuchora, na za kununua siziwezi

jichonje
Picha za bure zipo kibao tena za heshima, na sio za kuiba. Makumbusho ya Metropolitan ya New York mwaka 2017 yaliachia picha zaidi ya laki tatu za kazi zao za zamani mtu azitumie anavyotaka bila kulipa, ile ya Rijksmuseum kule Amsterdam nayo ina utaratibu kama huo. Ramani, ndege, mimea, michoro ya majengo, utachoka mwenyewe. Ukitaka anga na sayari nenda za NASA.

Ila angalia ukubwa wa faili kabla hujaenda steshenari. Kuprinti A4 safi kabisa inatakiwa kama pikseli 2480 kwa 3508, A3 ni 3508 kwa 4961. Picha ya kutazamwa ukiwa umekaa mbali hata nusu ya hapo inapita. Zile unazopiga skrinishoti kwenye simu ndo zinatoka na ukungu halafu mtu analaumu mashine. Omba karatasi nene isiyong'aa, na kama wana bei ya nyeusi na nyeupe chukua hiyo, picha tatu za nyeusi na nyeupe kwenye fremu zinazofanana zinapendeza kuliko rangi zilizofifia. Usizielekezee jua moja kwa moja, zitapauka.

kinyonga99
Haya sasa nisaidie kweli nisije nikafungiwa. Kama una kioo kikubwa hata cha zamani, kiweke ukuta unaotazamana na dirisha au wa pembeni yake, mwanga unarudi ndani chumba kinachangamka. Ila simama kwanza pale uone kitaonyesha nini, kikiwa kinaonyesha mlango wa choo kihamishe. Na kioo usikitundike kwa kulabu za kubandika hata siku moja, kizito kiegemeze sakafuni au kipate msumari wa uhakika

mzee_wa_msasa
Tumaini, huo unga sio mwisho wa dunia. Piga brashi kavu ukuta, futa na kitambaa chenye unyevu kidogo, ukikauka pitisha tena kiganja. Ukiendelea kutoa unga basi hapo ni misumari tu, usipoteze hela ya kulabu. Za kubandika peleka ukuta wa dirisha, futa kwanza kwa spiriti, kandamiza sekunde kama thelathini, na usitundike kitu papo hapo, ipe saa nzima.

Msumari tumia ule wa zege kama ni ukuta wa tofali, mwembamba. Bandika tepu ya karatasi pale unapopigilia ili plasta isimeguke. Na ule ukuta wa swichi uogope, waya mara nyingi hupanda wima juu ya swichi au soketi, kwa hiyo usitoboe mstari huo juu wala chini.

Mwenye nyumba akikuruhusu rangi mi ningefanya kitu kingine kabisa. Lita moja ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kama ukuta ni laini, kwa hiyo nusu ukuta nyuma ya kochi hata mikono miwili hutumii nyingi. Huo wenye unga upigwe praima kwanza, ile rangi ya chini ya kushikisha, bila hivyo rangi itavuliwa kama ngozi. Ukitaka mstari ulionyooka bandika tepu, kisha pakaa kwanza rangi ile ile ya ukuta wa zamani kwenye ukingo wa tepu, ikikauka ndo upake mpya. Ile ya kwanza inaziba vitundu, mpya haipenyi chini. Vua tepu kabla rangi haijakauka kabisa.

neemapambo
Fundi we unataka kumpeleka dukani kwa mkopo 😂 Aanze na kitambaa

mzee_wa_msasa
Kitambaa kwenye ukuta unaomwaga unga kitachafuka mgongoni kila akikigusa, labda apige hiyo praima hata kama hapaki rangi.

tumaini_k
Haya jamani msigombane. Nitasafisha ukuta, nipige fremu ya kitambaa na misumari miwili, picha A4 tatu ukuta wa dirisha kwa kulabu. Rangi nitamuuliza mwenye nyumba nikilipa kodi, akiwa na furaha. Swali la mwisho, hizo picha tatu niziachanishe kiasi gani?

jichonje
Sentimita 5 hadi 8, zote nafasi sawa. Kata magazeti saizi ya fremu, yabandike ukutani kwa tepu, rudi nyuma utazame, sogeza mpaka uridhike ndo uweke kulabu. Pimamaji ya kuona kama zimenyooka ipo kwenye simu nyingi, tafuta kwenye programu ya vipimo au ya dira, ukikosa pakua ya bure.

kinyonga99
Na maua je?